Kisima Nyuma ya Nyumba ya Mwalimu wa Mpira

Siku zile, walimu wa Newala tukikaa kwenye benchi nje ya darasa baada ya kengele ya mwisho, maneno hayakuchelewa kufika kwenye kazi ya mwalimu wa mpira wa chuo cha Masasi. Kila mtu aliitaka, hata wale ambao hawajawahi kupiga mpira ukaenda walikokusudia. Mmoja alisema uzuri wa kazi ile ni uwanja: una nyasi, na nyasi zenyewe zinakatwa. Mwingine alisema ni njumu, kwa kuwa wanafunzi wa Masasi walikuwa na njumu za ngozi, na wetu walicheza pekupeku. Wa tatu, ambaye alipenda ukubwa, alisema ni lori. Timu ikienda Lindi, mwalimu wa mpira anakaa mbele na dereva, kiwiko nje, na watu wa njiani wanampungia mkono. Mimi kazi ile niliitaka kuliko wao wote, lakini niliitaka kwa sababu ya kisima.

Kisima hicho nilikijua tangu nikiwa mwanafunzi pale. Kilikuwa nyuma ya nyumba ya mwalimu wa mpira, karibu na banda la kuku, kina ukingo wa saruji na ndoo ya kamba. Mke wa mwalimu alikuwa akiinjika uji, anatoka kuteka maji, anarudi, na uji haujachemka. Nikiwa kijana sikuona ajabu yoyote. Ajabu yake niliijua nilipopelekwa Newala.

Mimi ni mtu wa bondeni. Nilizaliwa Lulindi, kwa Wayao waliobatizwa zamani, watu wa kengele na kanisa na shamba la mihogo. Nilipomaliza masomo, misheni ikanipeleka chuo kidogo cha walimu huko Newala kufundisha hesabu, na kwa kuwa niliwahi kucheza winga, nikapewa na mpira. Kazi ya misheni hukuulizwa unapenda wapi. Ulifunga mzigo ukaenda. Nilipanda kule juu na mke wangu, na binti yetu mgongoni mwake, ndiyo kwanza ameanza kutambaa. Watu wa Newala walipomwona mtoto tu, wakaanza kuniita Baba na jina lake. Jina lenyewe silitaji hapa, ni lake. Majirani waliniita hivyo, muuza chumvi aliniita hivyo, hata wanafunzi wangu uwanjani, wakitaka nipulize filimbi, walilipaza jina la mtoto wangu mchanga mpaka nikacheka.

Uwanda wa Makonde una kila kitu isipokuwa maji. Mvua inanyesha, mchanga unaimeza, basi. Maji yako chini ya mteremko, na wanawake waliyafuata huko alfajiri na mitungi, wakapanda nayo kichwani jua likiwa limeshakuwa kali. Bwana mkubwa wa boma alikuwa amesema mabomba yatakuja, lakini wakati huo mabomba yalikuwa bado maneno ya barazani. Mke wangu alishuka na wenzake tangu wiki ya kwanza. Hakuzoea. Wao walizaliwa na njia ile miguuni, walipanda huku wakitaniana. Yeye alifika nyumbani mtoto analia mgongoni, na maji nusu yamemwagikia kwenye kanga.

Alivumilia kiangazi chote. Kilipokwisha, akaniambia anakwenda kuwasalimu wazazi wake Lulindi. Nilimsindikiza hadi ukingoni mwa uwanda. Pale akanigeukia.

"Baba," akasema, na jina la mtoto, "sikukimbii. Ujue hivyo. Lakini siwezi kumlea mtoto kwa maji ya kupimiana."

"Na mimi je?"

"Wewe tafuta kazi penye maji. Ukiipata, hata iwe Masasi, nitakuja kwa miguu."

Nilimjua. Hakuwa mtu wa kusema jambo kwa kupamba tu. Nikamtazama akishuka mpaka kanga yake ikapotea kwenye vichaka, nikarudi kwenye nyumba iliyokuwa na vitanda viwili na sufuria nyingi kuliko nilizohitaji.

Sasa mwanamume peke yake, kule juu, maji atayapataje? Nilichukua debe nikashuka mwenyewe. Wanawake njiani walicheka mpaka wakashika mbavu. Siku ya pili hawakucheka, walinipisha njia, na hiyo ilikuwa mbaya zaidi. Jioni yake nahodha wa timu yangu akaja mlangoni, kijana wa Kimakonde mwenye adabu sana, hakutaka hata kukaa.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba."

"Mwalimu, mama zetu wanasema usishuke tena. Unatutia aibu. Watu wa kijiji cha pili watasema sisi hatuna watu."

Tangu siku hiyo nilikuta debe la maji mlangoni nikitoka darasani, nami sikumwona aliyelileta. Nilishukuru, naam. Lakini niseme kweli, hakuna kitu kilichonitia upweke kama debe lile. Ukirudi nyumbani ukakuta chakula umepikiwa, hata kama mpishi hayupo, unajua mtu amekuwaza. Maji yale yaliletwa na mke wa mtu mwingine, kwa ajili ya heshima ya kijiji. Nilioga kwa kikombe, nikala ugali na kisamvu nilichopika vibaya, nikakaa barazani nikisikia nyumba za wenzangu zikizungumza. Wakati mwingine nilisema kitu kwa sauti ili niisikie sauti yangu. Nilikwenda Lulindi wakati wa likizo, nami kila nikifika mtoto alikuwa ametoroka mbele zaidi: mara anatembea, mara anasema, mara anatumwa chumvi kwa jirani. Alinitazama kwa mbali, kidole mdomoni, na nilipoanza kumzoea likizo ikaisha.

Kwa hiyo mpira niliushika kwa hasira. Sikuwa na la kufanya jioni ila huo. Uwanja wetu ulikuwa mchanga mtupu. Mpira ukipigwa chini unakwenda hatua chache unachoka, unakaa. Walimu walionitangulia walipambana na mchanga ule mpaka wakakata tamaa. Mimi nikawaambia vijana: mpira usiguse chini. Uchukueni kwa kifua, kwa kichwa, kwa paja, mpeni mwenzenu ungali juu. Mwanzo walikuwa kichekesho. Baadaye ilikuwa raha kuwatazama.

Shida ilibaki maji ya mapumziko. Sikuwa na uso wa kuwaambia mama zao wabebe maji ya timu, ati vijana wapate kukimbiakimbia. Lakini mwisho wa kiangazi mikorosho ilikuwa imezaa, na mabibo yalikuwa yanaoza chini kwa wingi. Nikawafundisha kukamua bibo mdomoni wakati wa mapumziko, kufyonza maji yake na kutema makapi. Linakereketa koo, hilo kila mtu anajua. Walikohoa, walinilaumu, wakanitania kwamba watu wa bondeni tumezoea kulala kwenye maji kama vyura ndiyo maana hatujui kiu ni nini. Lakini walizoea, na kipindi cha pili walikimbia.

Ndipo habari ikaja kwamba mwalimu wa mpira wa Masasi amezeeka, anaomba kupumzika. Padri Mwingereza aliyeangalia vyuo vyote vya misheni angechagua mwingine. Wenye nafasi walikuwa wawili tu: msaidizi wa yule mzee, na mimi. Na Padri, ambaye alipenda mpira kuliko alivyotaka ijulikane, akaamua Masasi ije icheze Newala, yeye awepo atazame.

Sikulala vizuri wiki ile. Nilianza kufagia nyumba kama vile naihama. Nilimwagiza mtu aendaye Lulindi amwambie mke wangu neno moja tu, asubiri. Nilikiota kisima kile, ukingo wake wa saruji, mtoto akichungulia ndani na mama yake akimvuta nyuma kwa gauni.

Masasi walikuja na lori wakiimba. Walishuka na njumu zao, wamejaa vumbi na kiu, na mama wa Newala wakawapokea kama wageni wanavyopokewa kule, yaani kwa maji. Mgeni hunywa kwanza, naye hunywa mpaka aseme basi. Mitungi iliyopandishwa alfajiri yote ikapelekwa kwao. Vijana wangu hawakugusa hata tone, wala hakuna aliyewaambia wasiguse. Wale wageni, kwa kutojua maji yale yametoka wapi, walikunywa, wakanawa nyuso, mmoja akajimwagia kichwani. Niliona mama mmoja akigeuka pembeni.

Mechi sitaisimulia yote. Waliokuwepo bado wanaisimulia na kila mwaka magoli yanaongezeka. Pasi za Masasi zilikufa mchangani. Njumu zilizama. Wakati wa mapumziko walikunywa tena, vijana wetu wakaketi kivulini wakikamua mabibo na kutema, na kipindi cha pili wageni walikimbia matumbo yakilia maji. Tuliwafunga vibaya. Nahodha wangu alifunga goli la mwisho kwa kichwa, akanikimbilia akiniita Baba na jina la binti yangu, na watu wote pembeni ya uwanja wakalidaka jina hilo wakaliimba. Nilisimama pale jina la mtoto wangu likiimbwa na kijiji kizima, nikawaza: nimeipata. Nimewapata.

Padri aliniita kando, karibu na lori. Uso wake ulikuwa mwekundu kwa jua na kwa furaha. Kiswahili chake kilikuwa safi, cha kitabuni.

"Mwalimu, nimeona jambo la ajabu leo. Hayo matunda, nani aliyekufundisha?"

"Hakuna, Padri. Ni kukosa maji tu."

"Ndiyo! Ndiyo hasa!" Akanishika bega. "Kule Masasi kuna nyasi, kuna njumu, kuna lori, kuna kisima. Mtu yeyote ataweza kufundisha kule. Hata huyu msaidizi ataweza. Lakini hapa hakuna kitu, na wewe umeweza. Nikikuondoa hapa nitakuwa mpumbavu."

Nilitaka kumwambia. Maneno yalikuwa mdomoni. Lakini mtu utamwambiaje padri, asiye na mke, kwamba zile nyasi na njumu na lori wachukue wote, ila wakuachie kisima? Nilisema tu kwamba familia yangu iko Lulindi.

"Mungu atawatunza," akasema, kwa upole wa kweli, na akapanda lori. Msaidizi wa Masasi aliyefungwa alikaa mbele karibu na dereva, kiwiko nje. Aliondoka na kazi yangu, naye hakujua bado.

Jumamosi iliyofuata niliomba ruhusa nikashuka Lulindi. Nilifikiri habari kama ile mtu huipeleka mwenyewe. Mkwe wangu alinipokea, nikamwamkia, akaitika akatoka kutuachia nafasi. Mke wangu alikuwa uani anatwanga. Nilimweleza yote, mabibo, magoli, maneno ya Padri. Alisikiliza bila kuacha mchi. Nilipomaliza, akausimamisha.

"Umewafunga," akasema.

"Nimewafunga."

"Ungefungwa, ungepelekwa Masasi."

"Huenda."

Alicheka kidogo, machozi yakamtoka, akayafuta kwa kiganja chenye unga. Hakunilaumu. Afadhali angenilaumu. Akasema nikae, uji uko tayari, kisha akamwita mtoto aje asalimu.

Binti yangu alitoka nyuma ya nyumba na kikapu kidogo kichwani. Alikuwa amevaa gauni ambalo sikulinunua. Alikiweka kikapu chini, akapiga goti vizuri kama alivyofunzwa, akaniangalia usoni bila woga.

"Shikamoo, Mwalimu," akasema.

Mama yake aliinama kama anayeokota mchi, na mchi haukuwa umeanguka. Nikaelewa kwamba nyumba ile, wakinitaja, hawanitaji kwa jina lingine. Mwalimu yuko Newala. Mwalimu atakuja likizo. Mtoto hakukosea, alisalimu kama alivyosikia.

"Marahaba," nikaitika, kwa kuwa salamu lazima iitikiwe.

Nilirudi Jumapili baada ya ibada. Nilipofika kwenye mteremko nikawakuta wanawake wa Newala wanapanda na mitungi, wamechelewa siku hiyo. Mmoja wao aliniona kwa mbali. Akaniita, Baba, na jina la binti yangu, kwa sauti iliyofika bondeni na kurudi.

"Habali za safali? Mtoto hajambo?"

"Hajambo, mama," nikasema. "Amekua. Anajua kusalimu."