Kusema "Ngumu" kwa Kikorea

Nyumbani mwangu neno "ngumu" lilikatazwa. Nimelea watoto kwa cherehani, tangu Bukavu mpaka mtaa huu wa Bertrams. Kama ningesema kila nilipochoka, wangekula nini? Basi mjukuu wangu alipoanza kujifunza Kikorea kwenye simu, akafika somo la kusema kwamba jambo fulani linakushinda, nilikasirika.

"Lugha yote hiyo, na weye unachagua kulia?"

"Koko, ni somo tu. Unataja kazi kwanza, halafu mwishoni unasema himduroyo. Yaani kuifanya ni ngumu."

Kazi kwanza, malalamiko nyuma. Nikaona hao Wakorea wana adabu kidogo. Nikamruhusu, mradi anishikie kitambaa nikishona.

Akaanza. Kupanda ngazi, himduroyo. Kuamka asubuhi, himduroyo. Kila moja alinigeuzia kwa Kiswahili chake cha kuokoteza, maana amezaliwa hapa, Kizulu ndicho kinachomtoka mbio.

"Kuosha sufuria ya bugali, himduroyo."

"Huo ni uvivu," nikamwambia. Akacheka.

Halafu akasema, "Kula peke yangu shuleni, himduroyo." Hapo hakucheka.

Nikaondoa mguu kwenye cherehani. Mwezi wa kwanza tulikuwa tumehama kutoka mtaa wa Bellevue, akaingia shule mpya, na kila nilipomuuliza habari za huko alijibu, "Sharp, Koko," yaani mambo safi. Nami nikaridhika.

"Hiyo iko kwenye simu?"

"Hapana."

Maneno ya kubembeleza mimi sina, sikulelewa nayo. Nikatazama sindano ya mkono iliyokuwa inanisubiri, na uzi wake kando. Miezi mingi nilikuwa nawaambia wateja kwamba sindano za siku hizi zina matundu mabaya.

"Kutunga uzi," nikasema, "himduroyo."

Akanikazia macho. "Eish, Koko! Macho?"

"Macho. Tunga, mama, acha kushangaa."

Akatunga mara moja.

Sasa kabla ya kwenda shule ananitungia sindano za kutosha, anazichomeka kwenye pazia. Mimi namfungia maandazi mengi kuliko tumbo lake. Jioni simuulizi habari tena. Nauliza kwa Kikorea changu: kula, himduroyo?

Juzi alifikiri kwanza. "Kidogo. Kuna msichana alikuja kuomba andazi."

"Akala moja?"

"Matatu, Koko."

"Hana haya huyo. Kesho naongeza."