Nilivyoruka Uzi wa Kioko

Nilipokuwa darasa la tatu niliamini, bila chembe ya shaka, kwamba nilikuwa nimemfunga ndugu yangu tumboni mwa mama. Nilikuwa nimeruka uzi. Leo nafanya kazi ya ofisini katikati ya jiji na nina maoni kuhusu kila kitu, lakini nikisimulia habari hii paja langu la kulia bado huwasha.

Tulikaa Kinoo, kwenye ploti ambayo nyumba zote zilitazamana uani. Mama alikuwa amelazwa hospitalini Parklands kwa ajili ya presha ya mimba, na Baba alikwenda kumwona kila jioni akitoka kazini. Mimi niliachwa na mama yake mama, aliyekuja kutoka Makueni kunilea. Nilimwita Susu, kama Wakamba tunavyowaita nyanya zetu.

Susu hakujua kukaa mikono mitupu. Siku ya pili tu alilikamata sweta kuukuu la mama, la rangi ya damu ya mzee, akalifumua lote. Kisha akaanza kusokota. Alijipaka jivu pajani ili uzi usiteleze, akaunganisha nyuzi mbili za sweta, akazikaza kwa kiganja kuwa uzi mmoja mgumu. Alikuwa anasuka kiondo cha kubebea nguo za mtoto siku ya kutoka hospitalini. Ncha moja ya uzi aliifunga kwenye grili ya dirisha, na uzi wenyewe ulipita mbele ya mlango, chini, usawa wa kifundo cha mguu.

"Uzi wa mtoto ambaye hajazaliwa haurukwi," aliniambia. "Ukiuruka unamfungia njia. Na kama umeruka kwa bahati mbaya, uuruke tena ukirudi ulikotoka, ndio unamfungulia."

Nilimwitikia kama watoto wanavyoitikia, yaani sikusikia.

Jumamosi moja wasichana wa ploti waliniita nje tucheze kati, ule mchezo wa kukwepa mpira. Susu alikuwa ameinuka kwenda kukoroga muthokoi jikoni, yale mahindi yetu yaliyokobolewa, na uzi ulikuwa palepale mlangoni. Nikauruka. Nilikumbuka nikiwa tayari nje, mguu mmoja hewani, lakini timu yetu ilikuwa inanisubiri na nikajiambia nitarudi baadaye kidogo. Niliporudi, grili ilikuwa tupu. Uzi ulikuwa umeshaingia kwenye kiondo, mizunguko mitano mipya, na Susu ananiuliza kama nimenawa mikono.

Nilinawa. Nilikula muthokoi yote, nami sikuipenda, jambo ambalo lingetosha kumshtua mtu mwenye macho.

Jioni hiyo Baba alirudi na uso uliokunjamana. Alikaa bila kuvua koti.

"Presha imepanda," alimwambia Susu. "Kesho asubuhi wanamfanyia operesheni. Daktari anasema tuombe."

Mimi nilikuwa nimesimama karibu na kabati. Sijawahi kuogopa hivyo tena maishani, na nimewahi kuibiwa kwa kisu mjini. Nilijua nilichofanya. Mwiba wa kujichoma hauambiwi pole, lakini huu nilikuwa nimemchoma mama.

Asubuhi Baba na Susu walikwenda Parklands. Niliambiwa niende Sunday school na watoto wa jirani, nikasema tumbo linauma, na jirani akaniacha nilale, akaahidi kunichungulia. Walipotoka tu, nilikishusha kiondo kutoka msumarini.

Nilikuwa nimeshapanga. Nitafumua ile mizunguko mitano, nitaufunga uzi kwenye grili, nitaruka kutoka nje kuingia ndani, na ndugu yangu atatoka. Kufumua kulichukua muda mrefu kuliko nilivyodhani, maana Susu alisuka kwa kukaza. Na uzi ulipotoka, haukuwa uzi tena. Ulikuwa umejikunja, umeachia, nyuzi mbili zimetengana kila moja kivyake. Nilikaa nikiutazama. Huu sio niliouruka. Niliouruka ulikuwa mmoja na mgumu. Nikiruka huu, nitakuwa nimemfungulia nani?

Basi nikachukua jivu.

Mtu asikwambie kusokota ni kazi nyepesi. Nilikuwa nimemwona Susu akifanya huku anapiga gumzo, nami nilidhani ni kiganja tu kupita pajani. Mara ya kwanza uzi ulinizungukia kidoleni. Mara ya pili ulikaza hapa ukalegea pale, ukawa na vinundu vinundu. Nilifungua, nikaanza tena. Jirani alichungulia akaniuliza tumbo likoje, nikamjibu limepoa, nikamsikia akicheka akienda zake. Jua liliingia mlangoni, likapanda ukutani. Ngozi ya paja ikawa nyekundu, kisha ikachubuka, na jivu likaingia kwenye mchubuko. Nililia, lakini nililia nikisokota. Nilijiambia kwamba mama naye anaumia sasa hivi, na yeye hajafanya kosa lolote, kwa hiyo mimi mwenye kosa sina haki ya kuacha. Nilihamia paja la kushoto, mkono ukakataa, nikarudi la kulia.

Redio ya jirani ilitangaza taarifa ya saa nane nilipofunga ncha kwenye grili. Nilitoka nje kwa dirisha la chumbani, lisilo na grili, ili nisiuvuke ule uzi vibaya. Nikazunguka, nikasimama mbele ya mlango wetu, nikaruka kuingia ndani.

"Haya," nikasema kwa sauti, "toka sasa."

Walirudi saa kumi. Baba alikuwa anacheka na kulia kwa pamoja. Mvulana, alisema, na mama yu hai, amechoka tu. Susu alikuwa anatazama kiondo chake kilichofumuliwa, kisha uzi, kisha paja langu.

"Uliruka," alisema.

"Ndiyo, Susu. Jana."

"Ukitoka ama ukiingia?"

"Nikitoka."

"Na leo?"

"Nimeruka nikiingia."

"Basi ulifanya sawa."

"Mama, tafadhali," Baba akasema, "usimfundishe mtoto hizo vitu. Tumeomba, Mungu amejibu."

"Mimi nimemfundisha nini? Amejifundisha kusokota," Susu akamjibu, akaenda kutafuta mafuta ya kunipaka.

Ni wakati ananipaka ndipo nilipomuuliza mtoto ataitwa nani. "Kioko," akasema. Nilijua maana yake, kila Mkamba anajua. Kioko ni mtoto aliyezaliwa asubuhi.

"Asubuhi saa ngapi?"

"Saa nne hivi."

Saa nne nilikuwa bado nafumua. Nilianza kulia upya, na kilio hiki kilikuwa kibaya kuliko cha kwanza. Susu akaendelea kunipaka.

"Sasa unalia nini? Ulitaka iwe ni wewe ulimfunga?"

"Nimeumia bure."

"Si bure," akasema. "Uzi huu hapa." Akauvuta kati ya vidole vyake, akavipitia vinundu vyangu kimoja kimoja, na kwa mara ya kwanza siku ile akacheka. "Mbaya kweli. Lakini umekaza."

Nilimsihi ausokote upya. Alikataa. Aliusuka vilevile ulivyokuwa, na nguo za Kioko zilirudi nyumbani ndani ya kiondo chenye mizunguko mitano ya aibu.

Susu alikwisha kufa. Nami bado nasokota, sasa kwa pia, kijiti cha kuzungusha uzi nilichochongewa na fundi, sufu ninayoinunua kwa mtu anayefuga kondoo nje ya jiji, naiosha mwenyewe mpaka nyumba inanuka zizi. Wenzangu ofisini huniuliza kwa nini nisinunue uzi dukani. Huwaambia inanituliza. Ukweli ni kwamba siku ile nilijifunza kitu cha kufanya na hofu ambayo huwezi kuiondoa. Siamini kuwa uzi hufunga mtu. Lakini kila ninapomwita ndugu yangu jina lake, nakumbushwa kwamba sikumwokoa, na kwamba hata hivyo nilikaa pale mpaka saa nane.

Mwezi uliopita mama alifanyiwa operesheni ya nyonga kulekule Parklands. Yuko nyumbani sasa, anatuamrisha akiwa kitandani. Lakini asubuhi ile hatukujua kama atapona, na tulikuwa tumeambiwa tungoje simu. Nilifunga uzi kwenye grili ya nyumba yangu, ukapita mbele ya mlango, nikakaa nao. Kioko aliingia mbio, simu mkononi. Yeye ni fundi wa umeme na hana imani na kitu kisichopimwa. Aliuruka uzi, akafika katikati ya sebule, akasimama.

"Nimeruka?"

"Umeruka."

"Ukiambia mtu, tutakosana," akasema.

Akageuka, akazunguka kiti ili asiuguse, akatoka kwa mlango wa jikoni na kuja tena mbele. Akasimama kidogo pale nje, mtu mzima mwenye ndevu, kisha akainua mguu, akaruka kama alivyoruka mara ya kwanza.

Nikakumbuka Susu alivyoniuliza, ukitoka ama ukiingia. Nikaweka uzi chini.

"Hapana," nikamwambia. "Umeruka tena ukiingia. Toka kwa kuruka, ndio umfungulie mama."

Hakubishana. Aliruka akatoka nje, akarudi kwa mlango wa jikoni, akaketi karibu nami. Nikampa ncha moja ya uzi aishike, nami nikaendelea kukaza.