Mke wa Wiki Ijayo

Marehemu mumewe walimwita Wiki Ijayo, na jina hilo alilipata kwa jasho lake mwenyewe. Paa la jikoni likivuja, alisema atalipanda wiki ijayo. Kitasa cha mlango kikilegea, wiki ijayo. Hata siku alipokwenda kuposa, wazee walipomwuliza angependa ndoa ifungwe lini, alijibu neno lile lile bila kufikiri, wakacheka mpaka wakasahau kumkatalia. Watu wa gatini walimpenda hivyo hivyo. Alikuwa fundi wa mitambo wa boti ya kuvusha watu, boti ilikuwa inakwenda, nani amlaumu? Mambo makubwa aliyatengeneza siku ile ile, grisi ikimfika viwikoni. Madogo ndiyo aliyoyabakisha.

"Fundi akimaliza kazi yote anafukuzwa," alikuwa akisema. "Lazima ubakishe kidogo ili wakukumbuke."

Alifariki asubuhi moja akiwa anafunga kamba za viatu. Moyo ulisimama, basi, hakuna aliyewahi kufanya lolote. Mambo madogo aliyoyabakisha yalikuwa mengi, na mojawapo lilikuwa ndani ya kompyuta ya boti.

Boti hiyo huvuka mlango wa mto, mahali ambapo mto umetanuka kiasi kwamba mtu wa ng'ambo unamwona kama sindano. Hospitali iko ng'ambo, kiwanda nacho kiko ng'ambo. Asubuhi nyingi ukungu hulala juu ya maji, na chini ya maji kuna mafungu ya mchanga yasiyokaa mahali pamoja. Ndiyo maana ubavuni mwa usukani walifunga kompyuta ndogo, ya mfumo wa Linux, yenye kioo kinachoonyesha ramani ya maji, na juu ya ramani alama nyekundu yenye umbo la boti. Juu ya paa kuna kipokezi cha GPS. Habari za mahali boti ilipo hushuka kwa waya na kuingia kwenye tundu nyuma ya kompyuta, ambalo mafundi huliita poti.

Sasa poti na kipokezi lazima wakubaliane kasi ya kuongea. Mmoja akisema polepole na mwenzake akisikiliza haraka haraka, kinachofika ni vurugu tupu, kama mtu anayesemeshwa yuko usingizini. Poti hii ilikuwa na tabia moja mbaya. Ukiiandikia amri fupi ya kuipangia kasi, ilitii kutwa nzima. Ukizima kompyuta na kuiwasha, imesahau. Imerudi kwenye kasi iliyozaliwa nayo, na alama nyekundu haisogei. Dawa ilikuwapo. Unaandika faili dogo la mistari michache, unaliweka mahali pake, na kompyuta inajikumbusha yenyewe kila inapoamka. Wiki Ijayo aliijua dawa hiyo vizuri kabisa. Alisema ataiweka lini, hapo sina haja ya kukwambia.

Mkewe naye alikuwa fundi. Walisoma chuo kimoja, darasa moja, na mwanamke ndiye aliyekuwa akimwonyesha mwanamume hesabu za umeme. Baada ya kuzaa alikaa nyumbani akitengeneza redio na simu kwenye meza ya kulia chakula, binti yake akifanyia kazi za shule pembeni ya koleo na nyaya. Msiba ulipokwisha, wenye boti walimwomba ashike nafasi ya mumewe. Akaishika.

Alfajiri ya kwanza aliingia kwenye kibanda cha nahodha akiwa peke yake. Aliketi kwenye kigoda cha mumewe, ambacho sponji yake ilikuwa bado imebonyea kwa umbo la yule mtu. Akaandika amri. Alama nyekundu ikaruka, ikatua pembeni mwa gati. Alikusudia kuweka lile faili siku hiyo hiyo, na nyenzo zote alikuwa nazo. Hakuliweka. Kesho yake pia hakuliweka.

Kwa nini, mwenyewe asingeweza kumweleza mtu akaeleweka. Nyumbani alikuwa mjane. Watu wakiingia walishusha sauti, walimpa kiti kizuri, walimtazama anavyokula. Lakini pale kibandani, kabla abiria hawajafika, alikuwa mke wa mwanamume aliyetoka kidogo akaacha kazi haijaisha. Alilikuta lile kosa kila alfajiri kama anavyolikuta shati lililotupwa sakafuni, akaliokota huku akinung'unika, "Na hili nalo umeliacha." Mashati mengine yote alikwisha kuyakunja na kuyagawa. Hili lilikuwa la mwisho.

Nahodha alikuwa mdogo wake marehemu, mtu mnene mwenye utani usiokwisha.

"Shemeji, umeshaiamsha hiyo? Au leo inasubiri chai?"

"Imeamka zamani. Wewe ndiye bado."

"Hivi huu ugonjwa hauna dawa ya kudumu?"

"Unayo. Nitaiweka wiki ijayo."

Wakacheka wote wawili. Kisha kila mmoja akatazama upande wake, nahodha akajitia kufuta kioo kilichokwisha kufutwa.

Ikawa ndiyo desturi, na mazoea yana taabu. Kama si alfajiri aliyoamka binti akiwa amebanwa na pumu, huenda mambo yangeendelea hivyo mpaka boti yenyewe ioze. Mtoto alikuwa ameketi kitandani, mabega juu, akivuta pumzi kama anayevuta kamba nzito. Mama alimpulizia dawa, akamfungulia dirisha, akamshika mgongo. Saa ya kwenda gatini ikapita. Simu ikalia.

"Shemeji, uko wapi?" alisema nahodha. "Fundi viatu kamleta mkewe kwenye mkokoteni. Uchungu umemshika tangu jana na mkunga anasema mtoto amekaa vibaya. Na ukungu huu siuoni hata mkono wangu."

"Siwezi kumwacha mtoto. Washa kompyuta, nitakutajia."

Akamtajia herufi moja moja, simu imebanwa kati ya sikio na bega, mkono ukimsugua binti mgongo.

"Sasa acha nafasi."

"Nafasi ipi tena? Nina vidole kama ndizi, shemeji, vinabonyeza vitatu vitatu."

"Kile kirefu cha chini."

"Haya. Nimeacha. Endelea."

Akamaliza. Nahodha akapiga kelele ya furaha. "Imeruka! Ipo gatini! Mungu akuweke!"

"Basi nenda. Nenda, usikae."

Alirudi kwa mtoto akiwa na furaha ndogo ya aibu. Hata kwa simu, hata akiwa mbali, kazi haikwenda bila yeye. Jua lilipochomoza, binti alikuwa anapumua vizuri, na wote wawili walilala kwenye kitanda kimoja.

Yaliyotokea majini aliyasikia baadaye, kwa nahodha mwenyewe, aliyekuwa akiyasimulia kwa sauti ya mtu anayesoma tangazo. Katikati ya mto kipande cha wavu kilizonga panga la injini, injini ikazima. Wakaukata wavu. Akawasha tena. Betri ilikuwa ya siku nyingi, na injini ilipotaka kuwaka iliunyonya umeme wote, kompyuta ikazimika, kioo chake kikafumba jicho, kikafumbua. Ramani ikarudi. Alama nyekundu ikarudi pia, pale pale alipoiona mara ya mwisho, katikati ya mkondo wenye maji mengi. Ila sasa ilikuwa imesimama. Kompyuta ilikuwa inamwonyesha mahali ilipokumbuka, kwa kuwa habari mpya ilikuwa haizielewi tena.

"Niliitazama, shemeji," alisema nahodha. "Nikaona niko kwenye kina. Nikasema, afadhali."

Maji yaliibeba boti pembeni huku alama ikikaa kwenye kina. Walipanda fungu la mchanga, na maji yalikuwa yanakupwa. Simu hazikushika huko. Ikabidi kusubiri mpaka maji yajae tena. Wanawake wawili abiria walimzungushia mke wa fundi viatu turubai, akazaa sakafuni, kati ya masanduku ya makoti ya kujiokolea. Mtoto alikuwa wa kiume. Hakulia. Mama alipona.

Hakuna aliyemlaumu mtu. Wenye boti walinunua betri mpya na kusema ukungu ni adui wa kila chombo. Nahodha alisema wavu. Mkunga alisema hata wangefika, nani ajuaye. Msibani kwa fundi viatu wanawake walimsogezea mjane nafasi mkekani, wakamwuliza binti anaendeleaje na kifua, wakamsifu kwa kumtunza mtoto peke yake. Mmoja alimmiminia chai. Alikishika kile kikombe mpaka chai ikapoa. Alitamani mtu mmoja tu, hata mlevi apitaye njia, amwulize swali lenyewe: lile faili lilikuwa wapi? Hakuna aliyejua kwamba kuna swali.

Alitoka msibani akaenda moja kwa moja gatini, na kitambaa chake cha msiba mabegani. Nahodha alikuwa ameketi kizingitini mwa kibanda na kikombe cha chai. Alimpisha bila utani.

Aliandika lile faili. Kwanza alitaka kuipa kasi poti kwa namba yake, kisha akakumbuka kwamba waya ziko mbili, ya GPS na ya kipima upepo, na anayewahi kuamka ndiye anayechukua namba ya kwanza. Siku wakipishana, kasi ya huyu angepewa yule. Akafuta, akaandika upya ili kompyuta ikitambue kipokezi kwa alama zake chenyewe, popote kitakapochomekwa. Mgeni humtambui kwa kiti alichokalia. Akahifadhi. Akazima umeme kwa kuchomoa waya, kwa ukatili, kama betri mbovu ingefanya. Akauchomeka. Kioo kikawaka, ramani ikaja, alama nyekundu ikatulia gatini bila mtu kuigusa. Akachomoa tena. Ikarudi tena.

"Imeshika?" aliuliza nahodha.

"Imeshika."

"Ndiyo kazi yenyewe? Hiyo tu?"

"Hiyo tu."

Nahodha alikitazama kikombe chake. Chai ilikuwa bado inatoa moshi. Akaimwaga yote majini, akakaa akitazama ilipopotelea. Akasema, "Kesho huna haja ya kuamka alfajiri, shemeji."

Mwanamke alimtazama usoni ajue kama ni huruma au ni jambo jingine. Hakuona kitu. Uso ulikuwa umefungwa kama duka.

Usiku ulipita. Alfajiri mwili uliamka wenyewe, ukaoga, ukavaa.

"Mama, unakwenda wapi?" binti aliuliza kutoka kitandani. "Si umesema sasa inajiweka yenyewe?"

"Nakwenda kuiangalia."

"Kuiangalia ikifanya nini?"

Alimfunika shuka mabegani, akatoka.

Gatini abiria walikuwa wameshapanda. Kupitia dirisha la kibanda aliona kioo kinang'aa na alama nyekundu iko mahali pake, na kigoda mtu ameshakiegemeza ukutani kupata nafasi. Hakupanda. Humo ndani hapakuwa na shati la kuokota. Wiki Ijayo alikuwa amemaliza kazi yake yote, na aliposema fundi akimaliza hufukuzwa hakusema uongo.

Aliyekuwa wa mwisho kufika ni fundi viatu, amebeba chungu cha uji kilichofungwa kwa kitambaa, anampelekea mkewe hospitali. Alipomwona alisimama.

"Dada, wamenieleza umeitengeneza ile mashine," alisema. "Nimeshukuru. Angalau mwingine hatapatwa. Mungu akulipe."

Alisogea kumpisha, lakini fundi viatu hakupita.

"Ilikuwa kazi kubwa?"

Jibu la kumwokoa lilikuwa jepesi sana. Angesema kubwa. Angesema kifaa kilikuwa hakipatikani, na mwanamume huyu angepanda boti na shukrani zake, na angemsalimia kwa heshima mpaka uzeeni.

"Hapana," alisema. "Ilikuwa ndogo. Inaisha kabla chai haijapoa. Nilikuwa naijua tangu mume wangu yu hai."

Fundi viatu alitikisa kichwa kwa adabu, kama watu wanavyofanya mafundi wakianza kueleza mambo yao. "Haya, dada," akasema. Akapanda. Nahodha akafungua kamba bila kugeuza uso, boti ikarudi nyuma, ikageuka. Fundi viatu alikaa nyuma kabisa, chungu mapajani, na alikuwa bado anamtazama. Alikuwa hajaelewa. Ukungu ulianza kumla, miguu kwanza, na kabla haujamaliza alimwona anasimama taratibu, chungu mkononi, na mdomo wake unafunguka.

Sauti haikufika. Injini, kwa betri yake mpya, ilikuwa inaunguruma vizuri.

Boti ikishusha watu ng'ambo hupakia wengine na kurudi, na mtu wa kupeleka uji huwahi kurudi nayo. Angeweza kwenda nyumbani. Alijifunga kitambaa, akakaa juu ya nguzo fupi ya kufungia kamba, akageukia maji, akamsubiri.