Siku Fundi Kesho Alipoonekana

Jina la Fundi Kesho hakupewa na mama yake. Alipewa na wateja, kwa kuwa kwa miaka ishirini na sita hakuna nguo iliyowahi kuwa tayari leo. Kushona alijua, tena sana, lakini ulimi wake ulikimbia kuliko cherehani.

Macho yalipoanza kumsaliti, akawa anaishika simu mbali kama aliyeshika panya mkiani, na bado akasoma "kola" palipoandikwa "kiuno". Binti yake, karani wa ofisi, akamletea kompyuta kuukuu iliyostaafishwa kazini kwao, akaiwekea programu ya kuifanya ijione simu. Ujumbe, picha za mishono, mpaka saa ya kuamsha, vyote vikahamia kwenye kioo kikubwa.

"Baba, usiguse kioo. Tumia kipanya."

"Simu huguswa, na hii umesema ni simu."

"Ni kompyuta inayoigiza simu."

"Basi iigize na kuguswa!"

Wiki nzima kioo kilijaa alama za chaki. Kidude cheusi kilichobanwa juu yake fundi alidhani ni kulabu, akakitundikia utepe wa kupimia.

Jumatano asubuhi, akiwa ameutoa utepe kwenye kidude na kuuvaa shingoni, simu ikaita. Akabonyeza. Sura ya mwalimu mkuu wa shule ya jirani ikajaa kiooni. Fundi akadhani ni picha tu.

"Fundi, suti yangu vipi? Ijumaa naagwa kazini."

"Imeisha, mwalimu! Hapa naipiga pasi. Sikia mvuke: tsssss!"

Mwalimu akasogeza uso karibu.

"Mbona pasi yenyewe ina chai?"

"Chai ipi?"

"Hiyo uliyoshika. Na kitambaa changu umekikalia."

Fundi akainuka kidogo, akachungulia. Kweli, kitambaa cha kijivu, kimekunjwa vilevile kilivyoletwa, ndicho kilichokuwa mto wa kiti. Akavua kofia upesi, akaufunika uso wa mwalimu pale kiooni.

"Umejifunika mwenyewe usinione, Fundi. Mimi nakuona, na kipara juu."

Fundi akakitazama kile kidude cheusi: hakikuwa kulabu, kilikuwa kamera. Kumbe miaka yote alidanganya masikio, jicho hakulizoea.

"Usikate," mwalimu akasema. "Mimi nasahihisha mitihani, wewe shona."

Akashona. Kila mkono ulipoelekea kikombe, kompyuta ilisema, "Fundi!" Alasiri ikamwambia mkono wa kushoto wa koti kaugeuza. Akafoka kwamba yeye hafundishwi kazi, akatazama, akaanza kufumua taratibu.

Alhamisi mwalimu akaja kuivaa. Koti lilimkaa kama ngozi yake. Akasimama mbele ya kioo cha ukutani muda mrefu.

"Miaka yote nilidhani unalala tu huku," akasema. "Ile kola uliirudia mara nne. Nilihesabu."

Fundi akamfungulia mlango kwa mkono wake mwenyewe, jambo geni pale dukani. Wateja wengi mlango ule waliufungua kwa teke.