Sekunde Tatu za Orville Stamm

"Babu, sekunde tatu zina urefu gani?"

Kenna alikuwa na miaka minane alipouliza swali hilo, amesimama uani na mpira kwapani, pua nyekundu kwa baridi. Babu yake, Orville Stamm, alikuwa anakwangua barafu kwenye kioo cha gari. Akaacha kukwangua. Akamtazama mtoto, akautazama mpira, kisha akasema kuna chumvi ya kuyeyushia barafu ya kumwaga kwenye ngazi kabla bibi hajateleza, akaingia ndani kuitafuta. Chumvi yenyewe ilikuwa mlangoni pale pale, kwenye ndoo. Kenna alimwona akiiruka.

Swali halikuzuka hivi hivi. Asubuhi hiyo walikuwa wametoka mgahawani kwa Nadine, ambako kila Jumamosi ya majira ya mpira wa kikapu wazee wa Brackett hukaa meza ndefu ya dirishani, wakila mikate laini iliyozamishwa kwenye rojo jeupe la soseji, na kuomboleza. Wahunzi, timu ya Chuo cha Brackett, wamefungwa na watu wengi kwa njia nyingi, na wazee wale wanazikumbuka zote. Upo mchezo walioupoteza kwa sababu basi lilikwama kwenye theluji, wachezaji wakalisukuma, wakaingia uwanjani miguu imekufa ganzi. Upo ule ambao mchezaji wao alifunga kikapu kizuri kuliko vyote vya mwaka, ila kilikuwa kikapu cha kwao wenyewe. Hizo ni za kulainisha koo. Kahawa ya tatu ikishamiminwa ndipo hufika mwaka themanini na moja, na hapo hata Nadine huacha kugonganisha vyombo.

Mwaka themanini na moja Wahunzi walishinda michezo ishirini na saba mfululizo. Chuo chenye wanafunzi mia nane, kimezungukwa na mahindi pande zote, kilikuwa kinawafunga wakubwa wanaokuja na mabasi mawili. Siku za mchezo wakulima walikamua ng'ombe mapema. Mchungaji alifupisha mahubiri bila kuombwa. Vernon Tate, fundi bomba mstaafu na msemaji mkuu wa ile meza, anaapa kwamba majira yale ya baridi hakuitwa hata mara moja kwenye bomba lililopasuka, kana kwamba mabomba nayo yalikuwa yametulia yanasikiliza redio.

Na kulikuwa na nyundo. Nyundo ipo hadi leo. Mhunzi akienda mstarini kutupa mitupo huru, ukumbi mzima hunyamaza, na kila mtu, kuanzia mtoto hadi bibi kizee, hunyanyua ngumi zote mbili juu ya kichwa akangoja. Mpira ukiingia, ngumi hushuka kwa pamoja kwenye mbao za viti, mdundo mmoja unaotikisa madirisha. Mpira usipoingia, ngumi hubaki juu.

Tarehe saba Machi zilibaki juu. Ulikuwa mchezo wa nyumbani, wa kuingilia mashindano ya taifa. Wahunzi walikuwa mbele kwa pointi moja, zimebaki sekunde tatu, na Dwight Hasler alikuwa mstarini na mitupo miwili. Alikosa wa kwanza. Wa pili ukagonga ringi, ukadakwa na kijana mwembamba wa wageni ambaye jina lake halitajwi kwa Nadine. Kijana akakimbia nao, akaudunda mara tano, akaurusha kutoka mbali. King'ora kilipolia mpira ulikuwa hewani. Ukaingia.

"Mara tano," Vernon husema kila mwaka, akionyesha vidole. "Yule hakuwa mtu, alikuwa na mabawa."

Hiyo mara tano ndiyo iliyomsumbua Kenna. Aliporudi nyumbani alichukua mpira, akakimbia nao kutoka kwenye gereji hadi kwenye sanduku la barua huku akihesabu kwa sauti. Sekunde ya tatu ilimkuta bado anadunda. Akarudia. Akahesabu polepole kwa makusudi, na bado hakufika. Basi akamwuliza mtu ambaye angepaswa kujua kuliko wote. Babu yake ndiye aliyekuwa mtunza saa.

Mchana Orville alifanya kazi kwenye ghala la nafaka. Jioni za mchezo alivaa shati jeupe, akaketi kwenye meza ya pembeni mwa uwanja, kidole kwenye swichi. Alifanya hivyo miaka thelathini na mitatu bila malipo, na mji ukasahau jina lake, ukamwita Saa. Watu wa meza ile ya pembeni hawashangilii. Timu yao ikishinda hawapigi makofi, ikifungwa hawashiki kichwa. Ndiyo kanuni, na Orville aliifuata hadi nje ya uwanja: kwenye harusi ya binti yake, mama yake Kenna, alisimama kama mtu anayesubiri matokeo.

Alipostaafu akahamia vitini kwa mashabiki, na huko ndiko Kenna alikuja kuona kitu. Mhunzi akienda mstarini, ngumi elfu mbili zinapanda, na babu yake anaweka viganja vyake chini ya mapaja na kuvikalia. Vernon hakumwachia.

"Saa, hayo mayai yataanguliwa lini?"

"Mwezi wa nne," Orville humjibu, macho uwanjani.

"Kalia vizuri basi, yasipoe."

Dwight Hasler yeye hakuhama mji. Alifungua duka la rangi na vifaa vya ujenzi mtaa wa pili kutoka kwa Nadine, akawauzia misumari watu wote walionyanyua ngumi siku ile. Brackett wana neno, kufanya Hasler, yaani kukosa kitu kilichokuwa mkononi. Mwenye kuleta barua akipita bila kusimama, kafanya Hasler. Kijana akikataliwa na msichana aliyekwisha kumkubali, kafanya Hasler. Dwight mwenyewe hulitumia; chenji ikimponyoka husema, "Nimefanya mimi tena," na wateja hucheka, na yeye hucheka. Wanampenda. Akiumwa wanampelekea supu. Lakini tangu tarehe saba Machi hajawahi kukanyaga ule ukumbi, na hakuna aliyewahi kumwuliza kwa nini, maana wote walidhani wanajua.

Jumamosi moja Vernon alikuwa anasema viwanja vya wenzao vina watunza saa wezi, wanaobonyeza mapema, wanaobonyeza baadaye, kadiri timu yao inavyotaka. Akampiga Orville begani. "Sisi hatuna wa kumsingizia. Siku ile kilichokuwa sawa Brackett nzima ni saa peke yake." Wazee wakaitikia kwa vichwa. Orville alikuwa anakoroga kahawa. Kenna alijua babu yake hatii sukari wala maziwa.

Alipofika miaka kumi na sita Kenna alikuwa anachezea timu ya shule, na alikuwa mwepesi kuliko wote. Siku moja baada ya mazoezi alimpa mwenzake simu ampimie. Akadaka mpira chini ya kikapu, akakimbia, akadunda mara tano, akarusha. Sekunde nne na nukta nne. Akajaribu mara saba, na ile ya kwanza ikabaki kuwa bora. Jioni akamwambia babu yake wakiwa mezani. Orville aliendelea kukata viazi vyake, kisha akasema viatu vile havina soli nzuri.

Mwezi wa kwanza mwaka huo chuo kikatangaza kwamba mwezi wa pili kitawaheshimu Wahunzi wa themanini na moja. Wangeitwa kwa majina katikati ya uwanja, mmoja mmoja. Wote waliokuwa hai walikubali isipokuwa Dwight, aliyerudisha kadi ya mwaliko kwa mkono wake mwenyewe na kusema ana kazi za duka. Meza ya kwa Nadine ikaingiwa na huzuni ya kweli. Walijadiliana nani aende kumbembeleza. Vernon alijitolea, wakamwambia akienda yeye Dwight atahama mji. Mwishowe wakamtuma Saa, kwa kuwa hana maneno mengi.

Orville ana mtoto wa jicho na haendeshi tena, kwa hiyo Kenna ndiye aliyeshika usukani. Ilikuwa alasiri, theluji imekuwa tope kandokando ya barabara. Karibu na ghala la nafaka babu yake akazima redio.

"Nina neno la kumwambia Dwight," akasema. "Si hilo la sherehe. Nimechelewa nalo miaka arobaini na mitatu."

Kenna alitaka kuuliza neno gani, akamwona anavyosugua kidole gumba kwenye cha shahada, akaendelea kuendesha.

Dukani rafu zilikuwa nusu tupu. Dwight Hasler, mtu mrefu aliyeanza kupinda, alikuwa anapanga makopo ya rangi kwenye maboksi. Akawaambia anafunga duka mwisho wa mwezi, anahamia kwa dada yake Arizona, goti lake limegombana na baridi. Akamwuliza Kenna ana wastani wa pointi ngapi. Akamwuliza Orville kama wamemtuma.

"Wamenituma," Orville akasema.

"Waambie nimefanya Hasler."

Orville hakucheka. Alivua kofia, akaishika kwa mikono miwili mbele ya tumbo kama mtu aliye kanisani. Alisema Dwight, halafu akasema siku ile, halafu akasafisha koo. Kenna alikuwa amesimama karibu na ndoo za gundi.

Dwight ndiye aliyeendelea, huku akifunga boksi kwa mkanda wa gundi, bila haraka, kama anayemsaidia mzee kuvuka barabara. Akasema usihangaike, Saa, najua mnanitakia mema. Akasema kwa miaka mingi hakuwa analala. Alikuwa anamtafuta mtu wa kugawana naye hatia. Alimjaribu refa, akamjaribu kocha, akajaribu hata kijana aliyepiga mluzi kule jukwaani kabla ya mtupo wa pili.

"Kila mmoja nikimpima, hatoshi," akasema. "Siku nikasema basi, ni yangu peke yangu, haina mwingine ndani yake. Usiku huo nikalala hadi saa mbili asubuhi. Mama alidhani nimekufa."

Akaukata mkanda kwa meno.

"Tangu hapo nalala vizuri, Saa. Sitaki mtu anifungulie tena lile boksi."

Saa ya ukutani dukani, yenye tangazo la rangi ya mafuta, ilikuwa inasikika. Orville alifungua mdomo. Kenna aliona kofia inavyonyongwa mikononi mwake. Hakujua neno lenyewe ni lipi, lakini aliona wazi kwamba lilikuwa limefika kwenye meno, na kwamba limekuta mlango umefungwa na mtu mpole kabisa, mwenye haki ya kuufunga.

"Hizi skrubu," Orville akasema, "za inchi mbili. Bei gani?"

"Kwako bure. Nahama."

"Nitalipa."

Wakabishana kidogo kuhusu skrubu. Dwight akashinda. Akawasindikiza hadi mlangoni akichechemea, na Orville akamwambia kuna mafuta ya goti ambayo mkewe hutumia, yananuka lakini yanasaidia, atamletea chupa. Dwight akashukuru. Wakapeana mikono muda mrefu kidogo kuliko desturi, kisha Dwight akarudi kwenye makopo yake.

Ndani ya gari Kenna aliwasha injini ili joto liingie, lakini hakuondoka. Babu yake alikuwa ameliweka boksi la skrubu juu ya magoti. Nyumbani kwao, kwenye gereji, yapo maboksi manne kama hilo, yote ya duka hili, na mtu wa kupiga skrubu hayupo. Kupitia kioo cha duka walimwona Dwight akiinua kopo, akilisoma, akilitia boksini. Mtu mmoja akapita kando ya barabara akampungia mkono, na Dwight akampungia.

"Turudi?" Kenna akauliza.

Orville alilishika boksi kwa mikono miwili. Alikuwa anatazama dukani.

"Uliwahi kuniuliza sekunde tatu zina urefu gani."

"Nilikuwa mdogo, Babu."

"Uliuliza vizuri. Hakuna mwingine aliyeuliza, si refa, si kocha, si hawa wa kwa Nadine." Alilihamisha boksi kutoka goti moja hadi jingine. "Mtupo ukikosa, saa inakuwa imesimama. Haianzi mpaka mtu aguse mpira. Akiugusa tu, mtunza saa anabonyeza. Haijiendeshi yenyewe. Ni kidole cha mtu."

"Najua."

"Miaka kumi nilikuwa nimekaa pale bila kunyanyua hata kope. Ila mwaka ule, mjukuu wangu. Ungeuona mwaka ule." Kioo kilikuwa kimeanza kufunikwa na mvuke, na Dwight alikuwa anapotea ndani yake, kwanza miguu, kisha kiuno. "Basi urefu wake siujui. Wewe umepata nne na nukta nne, labda ndizo. Mimi nilisikia ringi inalia, nikatazama swichi, na mikono yangu yote miwili ilikuwa juu."