Masikio na Kengele za Wodini

Ukoo huu umezaa watu wengi wenye vichwa vizuri, lakini masikio kama ya binti mmoja hayajapata kutokea. Ndiyo maana aliitwa Masikio. Utotoni, mama yake akiwasha blenda tu, mtoto yuko chini ya meza, viganja masikioni. Majirani wakanong'ona mashetani. Daktari akasema ni usonji. Mjomba wake akasema karithi kwake, maana kujisifu hakulipiwi kodi.

Alipokua aliajiriwa kwenye karakana ya vifaa vya hospitali, akapewa kazi ya kuunda kengele mpya za mashine za wodi ya watoto njiti. Bosi alitaka jambo moja: zipige kelele zaidi. Masikio akaenda kwanza kuzisikiliza za zamani, akatoka mbio mikono kichwani. Mashine zote zililia mlio mmoja, na wauguzi walishazizoea kama watu wanaoishi jirani na kinu. Mtoto angeweza kuacha kupumua, asisikiwe na mtu. Hilo lilimkaa rohoni.

Basi akafanya kinyume cha alichoagizwa. Kengele ya pumzi akaipa mlio unaopanda, kama mtu anayeuliza swali. Ya mtoto kupata baridi ikalia kwa kudondoka, kama maji ya bomba bovu. Dripu ikiisha, taa tu, kimya. Bosi aling'aka kwamba hapa tunauza kengele, hatubembelezi watu. Muuguzi mkuu akizikataa, kazi ile anapewa mwingine.

Muuguzi mkuu, mama mwenye sauti ya kuita watu ng'ambo ya mto, akaja karakanani, akaketi akizipa mashine mgongo. Masikio akaziwasha zote kwa mpigo, moja dirishani, nyingine mlangoni, kana kwamba kila moja ina mtoto wake.

"Mama, niambie nani wa kukimbiliwa," alisema, macho sakafuni kama kawaida yake.

Mama hakugeuka. "Wa dirishani hapumui. Huyu wa mlangoni anaona baridi, atasubiri."

Bosi, akidhani ni bahati, akazibadilisha nafasi mwenyewe. Mama akapatia tena.

"Tufungieni wodi nzima," akasema. "Na aje binti huyu mwenyewe."

"Nitakuja," Masikio akajibu, "ila mama, ukiwa wodini punguza sauti. Unazishinda mashine."

Bosi akafumba macho akingoja radi. Mama akacheka mpaka kofia ikamwanguka, kisha akaaga kwa kunong'ona.

Sasa wodini pale kengele ikiuliza, muuguzi keshafika. Masikio mwenyewe hukaa humo akitengeneza mashine, mikono mezani. Na mjomba wake, kila akipita, huwatangazia wauguzi kwamba masikio yale ni ya upande wake. Yeye ambaye kumwita tu aje kula, lazima umfuate umguse bega.