Mashine ya karafuu iliyomfanya mume wangu achekwe Gando nzima

Wakuu, marahaba nyote, maana wa kunizidi umri humu sidhani kama yupo.

Anayetaipu ni mjukuu wangu. Nikiongeza chumvi atanikata, kisa hiki kakisikia mpaka kakichoka.

Ni Gando, Pemba, miaka ya arubaini ikielekea ukingoni. Msimu wa karafuu.

Kwa msiojua, karafuu ikishachumwa huchambuliwa kwa mkono, kuitenga na makonyo, vile vijiti vyake. Jioni watu wanakaa jamvini, wanawake huku, wanaume kule. Vidole vinafanya kazi, midomo inafanya zaidi. Posa nyingi zilianzia pale.

Sasa palikuwa na kijana Hamadi, fundi baiskeli. Mpole, hana makuu, ukimsifu anageuza mazungumzo. Akaunda mashine ya kuchambua karafuu kwa mabaki ya baiskeli. Hatukuwahi kuona kitu kama kile.

Asubuhi ya siku ya kuionesha, mama alinituma kwao nikachukue kandili letu alilokuwa akilitengeneza Hamadi. Dada yake akanambia nijaribu kuzungusha mpini. Wakuu, karafuu huku, makonyo kule, safi kabisa.

Roho ikaniuma. Hamadi nilikuwa nampenda, na jamvini ndipo pekee nilipomwona.

Alipotoka ndani nikamwambia, "Hongera. Basi mie kuchambua ndiyo mwisho, mama hatanitoa tena."

Akaitazama mashine yake, kisha akanipa kandili letu.

Alasiri kijiji kizima kikaja. Akazungusha. Mashine ikakohoa, ikatema karafuu na makonyo yake kwenye kanzu ya mwenye shamba. Watu walicheka mpaka wakakaa chini. Toka siku hiyo jina lake likawa Injinia Makonyo.

Naye akacheka nao. "Mashine ino haina akili, kama mwenyewe."

Mama yangu hakuficha furaha. "Alhamdulillahi. Habari za watu tungezipata wapi?"

Tukarudi jamvini. Msimu haujaisha, Hamadi akaleta posa.

Jina lile alilibeba hadi uzeeni. Hata watoto wetu wakimtania, hakujitetea.

Siku moja, tushazeeka, napekua kasha lake, nikakuta springi imefungwa kwenye kitambaa. Kwenye ile mashine, iliyokuwa bado imetupwa uani, palikuwa na pengo la kiasi chake. Nikaipachika, nikatia karafuu, nikazungusha.

Ikachambua.

Nikamuuliza, mwanamume weye, umekubali kuchekwa miaka yote hino kwa nini?

Akasema, "Ingefanya kazi, ningekuona wapi?"

Keshatangulia mbele ya haki. Mashine wanangu wameiuza chuma chakavu. Springi nimekataa.

Vijana wa teknolojia mnaojisifu humu kutwa, somo ndilo hilo: wapo wanaoweza na wakanyamaza.

Haya, aliyewahi kuchekwa kwa ajili ya mtu aseme hapa chini. Mjukuu atanisomea.